Tepu Zisiachwe Zife Stoo

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi la mafundi na makarani wa utangazaji)

Tumetumwa na wenzetu wa stoo ya tepu, na neno letu si refu. Twataka kusema juu ya mali isiyoandikwa katika karatasi ya mshahara, lakini imefanywa kwa mikono yetu. Nayo ni tepu na filamu za redio na televisheni ya umma.

Televisheni ilianza hapa Kenya mwaka 1962. Tarehe 1 Julai 1964 Serikali ilitwaa utangazaji, ukaitwa Sauti ya Kenya. Na mwaka 1989 likaundwa tena shirika, Kenya Broadcasting Corporation. Miaka yote hiyo, kila hotuba, kila wimbo na kila mpira uliotangazwa, alikuwako fundi aliyeshika mashini. Jina lake halikusomwa hewani. Tepu ikipotea, fundi huyo hana shahidi mwingine wa kazi yake, na watoto wetu hawatasikia wazee wao walivyosema.

Msidhani kwamba hasara hii huwapata maskini peke yao. Huko Uingereza, katika miaka ya 1960 na 1970, BBC ilifuta tepu nyingi za televisheni ili zitumike tena. Hata matangazo ya studio yake ya Julai 1969, watu walipokanyaga mwezi, hayakuwekwa. Ufutaji ule ulikoma mwaka 1978. Sababu zilikuwa tatu. Tepu zilikuwa ghali. Nafasi ilikuwa haba. Na sababu ya tatu, ndugu, yatuhusu sisi wa vyama. Vyama vya waigizaji na wanamuziki vilikuwa vimepatana na waajiri kwamba kipindi kisirudiwe ovyo, kwa kuogopa marudio yatawanyima wanachama kazi. Hofu hiyo ilikuwa ya haki. Lakini tajiri alijiuliza: kitu kisichoweza kurudiwa chakaa stoo kwa faida gani? Akakifuta. Kwa hiyo mapatano yaliyolinda mshahara hayakulinda kazi yenyewe.

Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi 9 vya Doctor Who vilivyokuwa vimepotea vimeonekana katika mji wa Jos, Nigeria, kwenye kituo cha televisheni. Filamu zilikuwa zimepelekwa Afrika kuonyeshwa, zikabaki rafuni. Kilichotupwa London kilisalimika kwetu. Basi mtu asituambie kwamba Waafrika hatuwezi kutunza.

Sasa tuseme tepu hufaje. Tepu ni ukanda wa plastiki uliopakwa unga wa chuma kwa gundi. Gundi ikinyonya unyevu huwa kama asali. Ukiizungusha, unga wabanduka na sauti yatoka pamoja nao. Tepu ya namna hiyo huweza kupashwa moto mdogo kwa saa nyingi, kisha ikanakiliwa upesi. Nyingine za zamani hutoa harufu ya siki na kujikunja. Tena mashini za kuzichezea hazitengenezwi kama zamani, vipuri ni shida, na mafundi wanaozijua wanastaafu. Mwaka 2015 hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilionya kwamba tepu isiyonakiliwa kufika mwaka 2025 yaelekea kupotea. Mwaka huo umekwisha pita.

Katika kituo kimoja, ambacho hatutakitaja, tulikuta maboksi ya tepu chini ya bomba linalovuja. Karatasi za majina zilikuwa zimebanduka. Siku hiyo alifika mzee mmoja, fundi mstaafu, kufuata habari za pensheni yake. Tulimchezea tepu moja. Haikupita nusu dakika, akamtaja msemaji, mahali na mwaka, na akasema ni yeye aliyeshika maikrofoni. Tuliandika yote. Tuliomba aitwe tena kila wiki na alipwe nauli. Tukajibiwa kwamba hakuna fungu la fedha hizo. Ndugu, mzee huyo ndiye daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Na sisi tulio katika vyama twajua faida ya kuweka. Makhan Singh, aliyekuwa katibu wa East African Trade Union Congress iliyoanzishwa mwaka 1949, aliwekwa kizuizini kutoka mwaka 1950 mpaka 1961. Lakini alikuwa mtu wa kutunza karatasi, na mwaka 1969 akatoa kitabu cha historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya. Kwa ajili hiyo twajua tulikotoka.

Kwa hiyo twaomba mkutano huu ukubali mambo manne, yapelekwe kwa waajiri. Kwanza, tepu yo yote isitupwe wala kufutwa kabla haijaandikwa katika orodha na mjumbe wa wafanyakazi kuiona. Pili, wastaafu waitwe kutambua sauti na picha, nao walipwe. Tatu, kazi ya kunakili ifanywe na vijana wetu wakikaa na mafundi wa zamani. Ziwepo nakala tatu, na moja ikae mji mwingine. Nne, mapatano yaseme wazi kwamba kuweka ni jambo moja na kurudia hewani ni jambo jingine. Na kipindi kikirudiwa, waliokifanya au warithi wao wapate haki yao.

UNESCO iliweka tarehe 27 Oktoba, tangu mwaka 2005, kuwa siku ya urithi wa sauti na picha duniani. Siku hiyo tusifanye karamu. Tuingie stoo na kalamu, tuanze orodha rafu kwa rafu.

Bomba lile bado lavuja.