Kama Zwangendaba Angaliishi



Nimeombwa niseme machache. Zwangendaba aliwavusha Wangoni mto Zambezi mwaka 1835, akafia Ufipa katika miaka ya 1840. Ugomvi wa urithi ukaligawa jeshi: Mpezeni na Mombera wakaelekea kusini, Zulu Gama akaja huku kwetu.

Je, angaliishi? Wengi husema dola ingalibaki moja. Mimi nasema ingalichelewa tu kuvunjika. Jeshi linaloishi kwa kuteka hutaka nchi mpya kila mara, na mrithi aliyekubaliwa na wote hakuwapo. Njelu na Mshope huenda zisingalikuwapo, wala baadhi yetu hapa Madaba.

Ndugu zangu, na tuwaandae watakaotupokea tungali hai.