Kuandika si Kupiga Debe: Wakili, Mitandao ya Kijamii na Wasomi Wenzake



Aliyenialika alinitania kwenye simu: "Njoo utufundishe kuvuta wateja." Naomba radhi mapema, kwa sababu nitamwangusha. Katika miaka yote niliyoandika mtandaoni, watu waliosoma andiko langu kisha wakabisha hodi ofisini ni wachache mno. Walionilisha ni wengine: wakili wa Mwanza ambaye mteja wake kaachishwa kazi Dar es Salaam, msomi wa Arusha anayeshughulika na ardhi tu na hataki kusikia habari za ajira, ofisa rasilimali watu wa kiwandani, mhasibu. Hao hunisoma kimyakimya kwa miezi, hawabonyezi hata alama ya kupenda, halafu siku moja wananipigia. Nawaandikia hao, na mada hii inawahusu hao.

Najua hofu iliyopo humu ndani. Tulilelewa kwamba wakili hasimami stendi kuita abiria. Wamarekani nao walilelewa hivyo, mpaka mawakili wawili vijana wa Phoenix walipotangaza gazetini bei za huduma zao wakashtakiwa kwa utovu wa maadili. Mwaka 1977, katika shauri la Bates dhidi ya chama cha mawakili cha Arizona, Mahakama ya Juu ilisema, kwa majaji 5 dhidi ya 4, kuwa marufuku ile iligusa uhuru wa kujieleza. Kenya iligeuka baadaye sana. Mahakama Kuu ilitoa uamuzi wake mwaka 2012, na kanuni mpya za matangazo ya mawakili zikafuata 2014. Kwa sisi wa Tanzania, zisomeni wenyewe Kanuni za Maadili na Mwenendo wa Mawakili za 2018, neno kwa neno, badala ya kutegemea mliyosikia kwenye korido za mahakama. Mwenye blogu aongeze na kanuni za maudhui mtandaoni. Zile za 2018 ziliwataka wanablogu wakate leseni kwa shilingi milioni moja, baadhi wakafunga kurasa zao. Zimebadilishwa tangu hapo, kwa hiyo angalieni zilivyo leo.

Sasa, uandike nini? Chukueni mfano wa shambani kwangu, ajira. Mtu aliyeachishwa kazi ana siku 30 kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai mengine ya kikazi yana siku 60. Sisi tunalijua hilo tangu darasani. Mfanyakazi halijui. Anazungushwa na mwajiri, anaambiwa arudi Jumatatu, arudi mwisho wa mwezi, na anapofika kwako na barua yake mkononi, ni siku ya hamsini. Hapo unaanza na maombi ya kuongezewa muda kabla ya kugusa kiini cha madai. Niliandika aya nne tu juu ya siku hizo: zinahesabiwa kuanzia lini, fomu ipi inajazwa, sababu gani za kuchelewa Tume huzipokea na zipi huzitupa. Niliweka na viungo vya maamuzi matatu kutoka TanzLII, ambako hukumu zinasomwa bure. Andiko lile limetembea kwenye makundi ya WhatsApp ya vyama vya wafanyakazi kuliko lolote nililowahi kuliandika kwa Kiingereza cha kujipamba.

Na hapo ndipo penye nafasi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, lakini ukitafuta ufafanuzi mzuri wa hukumu kwa Kiswahili utahangaika. Pingamizi la awali, kukazia hukumu, msimamizi wa mirathi: maneno tunayo, maelezo hatuna. Anayechukua eneo moja, tuseme mirathi au bima ya vyombo vya moto, akaliandikia kila wiki kwa mwaka mzima, jina lake litakaa kwenye vichwa vya wenzake. Marekani, Tom Goldstein na Amy Howe walianzisha SCOTUSblog mwaka 2002 wakifuatilia mahakama moja tu, na mwaka 2013 ikapewa tuzo ya Peabody, ambayo hutolewa kwa kazi bora za redio, televisheni na mtandaoni.

Nieleze na kosa langu. Nikiwa mchanga katika kazi, nilishinda shauri la mirathi katika mji mdogo. Kwa furaha nikaandika kwamba mjane amerudishiwa nyumba iliyotaka kuchukuliwa na shemeji zake. Sikutaja jina. Jioni mama yule akapiga simu, sauti imekauka: "Mwanangu, mbona umetuanika?" Mji ule haukuhitaji jina. Nilifuta, lakini picha ya andiko ilikuwa imeshazunguka ukweni. Siri ya mteja haiishi siku hukumu inaposomwa, hata kama hukumu yenyewe iko wazi kwa kila mtu. Tangu siku ile siandiki mashauri yangu. Naandika ya wengine, yaliyokwisha, kutoka kwenye hukumu zilizochapishwa.

Kuhusu majukwaa sitachukua muda wenu. LinkedIn ni ya wenzako na makampuni, WhatsApp inasambaza, blogu inahifadhi. Muhimu zaidi ni namna unavyokaa na watu huko. Msomi mwingine akichambua hukumu vizuri, mtaje, ongeza alichokiacha. Ukimpinga, mpinge kama ungempinga mbele ya jaji. Na ukiletewa mteja na mwenzako, mrejeshee taarifa ya shauri lilipofikia, maana kunyamaza kumekata uhusiano mwingi kuliko ada.

Baada ya chai tutafungua simu. Kila mmoja achague uamuzi mmoja wa mwezi huu TanzLII, aandike aya tatu kwa Kiswahili, kisha amsomee dada anayetugawia vitafunwa pale nyuma. Nimeshamwomba, amekubali. Asipoelewa, atainua mkono, na mwandishi ataanza upya.