MAFUTA YAKIMWAGIKA, PIGA RIPOTI

(Hotuba iliyotolewa kwa wanachama wa tawi, Dagoretti)



Nimeombwa niseme juu ya mafuta yanayomwagika kazini, na ripoti inayotakiwa kufika Serikalini. Wengi wenu mnafanya kazi katika stesheni za petroli na magereji ya Dagoretti Corner na Kawangware. Wengine huteremka kila asubuhi kwenda Industrial Area. Mnajua mambo yanavyokwenda. Tangi likivuja, msimamizi husema, "Mwageni mchanga, nyamazeni, kazi iendelee." Nauliza: tukinyamaza, ni nani anayelipa?

Tukumbuke Sinai. Tarehe 12 Septemba 2011, asubuhi, petroli ilivuja kutoka mitambo ya Kenya Pipeline huko Lunga Lunga, ikaingia katika mtaro wa maji. Watu wakaja na ndoo na mitungi kuiteka. Moto ukawaka. Zaidi ya watu 100 walikufa, na wengine wengi wakaungua. Hawakuwa matajiri hao. Walikuwa watu wa kazi kama sisi, na jamaa zao, wakaao katika vibanda vya mabati.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi, bali hutambaa chini na kufuata mitaro, hata ukakuta jiko au sigara mbali na pale palipovuja. Kwa hiyo dakika za kwanza ndizo ziokoazo watu. Na katika dakika hizo anayejua habari ni mfanya kazi aliye karibu na pampu, si mkurugenzi aliye ofisini.

Pengine mtasema Sinai ni mbali. Lakini Mto Motoine hutoka upande wetu huu wa Dagoretti, huingia katika Bwawa la Nairobi karibu na Kibera, kisha hutoka ukiitwa Mto Ngong na kupita Industrial Area. Mafuta machafu ya injini tunayomwaga mtaroni huku juu huwafikia wenzetu walio chini.

Tena si lazima moto uwake. Mwaka 2015 bomba la Kenya Pipeline lilivuja huko Thange, Makueni. Mafuta yakaharibu mto, visima na mashamba. Wananchi walikwenda mahakamani, na hukumu ya fidia ikatolewa mwaka 2025. Miaka 10, ndugu zangu! Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo hujengwa na maskini.

Sheria inasemaje? Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999, kifungu cha 93, inamtaka mwenye ghala au gari lililomwaga mafuta afanye mambo mawili mara moja: aipe habari Mamlaka ya Mazingira, yaani NEMA, au maofisa wengine wa Serikali wanaohusika, na aanze kusafisha. Basi tajiri akipiga ripoti hafanyi hisani. Anatimiza wajibu wake. Msimamizi anayesema "nyamazeni" anawaagiza mfiche jambo ambalo sheria imeamuru litangazwe.

Najua neno lililo mioyoni mwenu: "Nikisema, nitafukuzwa." Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanya kazi amwarifu msimamizi wake juu ya hatari kubwa, na inamkataza tajiri kumfukuza mtu kwa sababu amelalamika juu ya hatari. Hata hivyo tuseme kweli. Kibarua wa siku hapewi barua ya kufukuzwa. Huambiwa tu kesho asije. Kwa hiyo asiachwe aseme peke yake. Ripoti iandikwe na mjumbe wa wafanya kazi, kwa jina la chama.

Basi tufanye hivi:

1. Zima pampu, injini na moto wote. Waondoe watu, wala usiruhusu mtu kuteka. Usitumie simu penye harufu ya petroli. Kwanza enda mbali.

2. Mwambie msimamizi mbele ya shahidi. Kukiwa na hatari ya moto, piga 999 bila kungoja ruhusa ya mtu.

3. Andika: mahali, saa, mafuta ya aina gani, kiasi unachokadiria, yanaelekea wapi, nani ameambiwa na amejibu nini.

4. Mpe mjumbe karatasi hiyo. Nakala moja ipelekwe NEMA, Popo Road, South C. Moja kwa maofisa wa Serikali wa usalama kazini. Na moja ibaki katika faili la tawi. Siku tajiri atakaposema hakuambiwa, faili litamjibu.

Nawaomba wajumbe wote wabandike maneno haya mahali pa kazi kabla ya mkutano ujao, na katibu wa tawi aulize kila mjumbe kama amefanya hivyo.