Wodi Iliyofungwa Kufuli

(Maneno ya Kamati ya Fedha katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama, Dar es Salaam)



Ratiba inasema Kamati ya Fedha isome taarifa ya mapato na matumizi. Taarifa hiyo imechapwa kurasa za nyuma, imekaguliwa, na mwenye swali juu ya mstari wowote atatukuta kwenye meza ya chai. Tumeomba dakika zetu tuzitumie kwa jambo ambalo halionekani kwenye hesabu zile. Ukizisoma utaona wodi ya wazazi ya zahanati yetu imekamilika, kila mfuko wa saruji una risiti, na fundi amelipwa mpaka senti ya mwisho. Kufuli halikuandikwa mahali popote.

Mnakumbuka Desemba ile tulipokata utepe. Mbuzi walichinjwa, mbege ikashuka, kwaya ikaimba, na picha zikapigwa mpaka simu zikazima. Januari tukarudi mjini kila mtu na shughuli zake. Wodi ikabaki na rangi yake nzuri, bati jekundu na kufuli mlangoni. Ilikaa hivyo mwaka mzima na miezi juu.

Katika masika yaliyofuata, mama mmoja wa kitongoji chetu alishikwa na uchungu usiku. Walimpitisha mbele ya wodi yetu, wakiimulika kwa taa za gari, wakashuka naye kuelekea Mawenzi. Hakufika. Alijifungulia kwenye kiti cha nyuma cha Noah, barabara imejaa tope, mama mkwe wake akiwa ndiye mkunga. Tunamshukuru Mungu, mama mzima na mtoto mzima, na mtoto huyo sasa anakimbiza kuku kihambani. Lakini tulipopigiwa simu asubuhi, hakuna hata mmoja wetu kwenye kamati aliyepata la kusema. Tulikuwa tumejenga mlango, na ndugu yetu ameupita.

Tukafunga safari kwenda ofisi ya halmashauri. Tulikwenda kwa hasira, tena tumevaa suti, tukidhani tunakwenda kuwafokea watu. Alitupokea dada wa idara ya mipango, umri wa kuwa mdogo wetu wa mwisho. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Poleni sana wazee wangu. Hilo jengo lipo kwenye mpango wa mwaka gani?"

Tukaangaliana. (Mmoja wetu alikuwa bado anaumia kuitwa mzee.) Dada akafungua faili, akapekua, akatuonyesha. Zahanati yetu ilikuwemo. Wodi ya wazazi haikuwemo. Hapakuwa na muhtasari wa kijiji ulioitaja, wala barua yetu, wala ripoti ya mhandisi. Ramani tulichorewa na kijana wetu msanifu, tena bure, na ni nzuri, lakini si ile ya serikali. Hatukuchimba shimo la kondo la nyuma. Hatukujenga kichomea taka. Maji hayakuvutwa. Na kubwa kuliko yote, hapakuwa na muuguzi mkunga wa kuongezwa, kwa sababu muuguzi hatoki ofisini kama kiti. Lazima aombwe kwenye ikama, ikama iingie kwenye bajeti ya mishahara, kibali kitoke serikali kuu, ndipo apangiwe kituo. Sisi ambao tunaandaa bajeti za kampuni za watu mwaka mzima tulikuwa tumejenga jengo la huduma bila kumuuliza mtu yeyote nani atalipwa kulifungua.

Tunasema haya hadharani kwa sababu kosa lilikuwa letu. Na tumejiuliza limetoka wapi, maana watu wa mlimani si wavivu wala si wajinga wa mambo ya fedha. Babu zetu walikuwa na KNCU tangu 1933. Walijua kahawa inakatwa kiasi gani na makato yanakwenda wapi. Jibu tulilolipata ni hili: halmashauri za wilaya zilifutwa mwaka 1972, na hazikurudi mpaka 1984, baada ya zile sheria za 1982. Miaka kumi na miwili. Baba na mama zetu walikuwa ndiyo kwanza vijana, wana watoto wa kusomesha, na ofisi ya kuwasikiliza karibu yao haipo. Wakajenga wenyewe, shule kwa shule, na sisi wengi tuliomo humu tumesoma kwenye madarasa yale. Wakatufundisha kwamba maendeleo ni kuchanga na kupandisha ukuta. Halmashauri ziliporudi, sisi tulikuwa tumeshazoea kuzizunguka.

Sasa tueleze kalenda, kwa sababu ndiyo siri yenyewe, na wala haijafichwa.

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Kinachotendeka Julai kimeandikwa miezi mingi kabla. Vipaumbele vinaanzia kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwa wenzetu wa mjini ni mkutano wa mtaa. Vinapita Halmashauri ya Kijiji, vinapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, vinafika kwa wataalamu wa halmashauri na kamati za madiwani, kisha Baraza la Madiwani linapitisha, kwa kawaida mwanzoni mwa mwaka. Baada ya hapo ni mkoa, TAMISEMI na Bunge. Jambo ambalo halikuandikwa mpaka Baraza linafunga kikao, ndugu zangu, linasubiri mwaka mwingine.

Hebu tazameni sisi tunakwenda nyumbani lini. Desemba. Bajeti inaandikwa wakati huohuo ambapo mabasi yote ya Dar yanapandisha watu Kilimanjaro. Tunakuwa pale, tumejaa, tuna fedha na maneno, na tunakwenda kwenye harusi tatu, kipaimara viwili na harambee ya kanisa. Mkutano wa kijiji hatuuoni. Tunaondoka tarehe 3 Januari tukilalamika kwamba serikali haifanyi kitu.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na hapo mapato na matumizi ya kijiji yanasomwa. Wajumbe wake ni wakazi wa umri wa miaka 18 na kuendelea. Sisi wa Dar si wakazi, na tusijidanganye kwamba kwa kuwa tumechanga tunakwenda kupiga kura. Wanaopiga kura ni mama zetu, kaka zetu waliobaki na kihamba, na wake zao. Kazi yetu ni kuwaambia mapema tunachokusudia, wao wakikitaka wakiseme mkutanoni, na mtendaji akiandike. Kama hawakitaki, tujue kabla ya kununua tofali. Mwaka huu tumegundua, kwa mfano, kwamba akina mama walikuwa wanataka tangi la maji pale zahanati kabla ya wodi. Hatukuwauliza.

Jambo jingine ni kujua mlango wa kubisha. Kwenye makabrasha ya chama tulikuta barua nne za kulalamikia barabara zilizoandikwa kwa mkurugenzi. Barabara za wilaya ziko chini ya TARURA tangu Julai 2017. Maji ya vijijini ni RUWASA tangu 2019, na mjini Moshi ni MUWSA. Zilizobaki mikononi mwa halmashauri ni hizi za kila siku: shule za msingi na sekondari, zahanati na vituo vya afya, masoko, taka, mabwana shamba, ushuru wa mazao. Na halmashauri zenyewe ni mbili. Ukiwa Uru, Kibosho, Old Moshi, Kilema au Marangu, wewe ni wa Halmashauri ya Wilaya ya Moshi. Ukishuka mpaka Majengo, Pasua, Soweto au Kiboriloni umeingia Manispaa. Diwani wa mjini unayecheza naye bao hawezi kukusaidia kitu juu ya zahanati ya mlimani, hata akitaka.

Lakini yapo ya kujifunza kutoka huko mjini. Wenzetu mnaoishi Moshi mnatutania kila tukija kwamba tunatupa chupa kupitia dirisha la gari kama watu wa Dar. Mji wa Moshi, manispaa tangu 1988, una kata 21 na watu 221,733 kwa sensa ya 2022, na mara nyingi umeongoza katika mashindano ya usafi ya taifa. Nani alizindua usafi huo? Hakuna. Hauna jiwe la msingi. Kuna mama anayefagia kabla jua halijatoka, kuna gari la taka linalohitaji mafuta na matairi, kuna ada ya taka inayokusanywa nyumba kwa nyumba, kuna sheria ndogo na faini, na kuna mstari kwenye bajeti ambao kila mwaka lazima mtu anyooshe mkono kuutetea, kwa sababu fedha za kufagia ndizo rahisi kukatwa. Mwaka ambao mstari huo utasahauliwa, mji utanuka ndani ya wiki mbili, na hakuna picha ya kukata utepe itakayosaidia.

Tukarudi kwenye wodi yetu. Baada ya siku ile ofisini tulifanya kwa kufuata njia. Mkutano wa kijiji ulijadili, muhtasari ukaandikwa na nakala tunayo. Kata ikapitisha. Mhandisi akaja, akaona ukuta ni imara, akatupa orodha ya marekebisho, ikiwa ni pamoja na kupanua mlango mmoja ili kitanda cha magurudumu kipite. (Kijana wetu msanifu alikubali kwa shingo upande.) Tukachimba shimo, tukajenga kichomea taka, maji yakavutwa. Yale yaliyohitaji fedha ya serikali yakaingia kwenye bajeti iliyofuata. Mchango wetu wa awamu hii haukupita mkononi mwa mtu: uliingia kwenye akaunti ya zahanati, kwa namba ya malipo, ukaandikwa kwenye vitabu vya kituo. Mkaguzi akija ataukuta, na wodi ni mali inayotambulika, si zawadi iliyowekwa kando ya njia. Kufuli likatolewa Septemba. Hatukwenda kukata utepe. Mkunga alituma picha moja tu, ya kitanda kimetandikwa.

Wapo wanachama waliotuuliza kwa nini tuombe fedha tena ikiwa wodi imefunguliwa. Ni swali la haki. Tumepita pale na daftari. Mifereji ya bati kwenye mvua zetu za mlimani haidumu. Betri za umeme wa jua zina umri wake. Godoro moja limeshachanika. Serikali italipa mshahara na kuleta dawa, na kituo kina makusanyo yake madogo, lakini kitasa kikivunjika Machi hakisubiri Julai. Kwa hiyo tunapendekeza kwenu kwamba katika kila shilingi 100 mtakayochanga leo, 20 ziwekwe kwenye mfuko wa matunzo na zisiguswe kwa ujenzi wowote mpya, hata mgeni rasmi akitushawishi. Tunajua matunzo hayavutii. Hakuna atakayeandikwa jina ukutani kwa kununua mfereji. Ndiyo maana tunaomba leo, mkiwa mmekaa pamoja na mnaonana.

La pili, shule ya msingi inataka madarasa mawili, na wengine mmekuja na ahadi tayari. Pokeeni shukrani zetu, lakini fedha hizo tutazishikilia benki. Tofali la kwanza halitanunuliwa mpaka tuwe na vitu vitatu mezani: muhtasari wa mkutano wa kijiji, barua ya halmashauri yenye ramani, na jibu la maandishi kuhusu walimu na madawati. Ikichukua mwaka, itachukua mwaka. Tutawasomea salio mkutano ujao, pamoja na riba ya benki.

La tatu ni dogo. Mwenyekiti wa kijiji amekubali kwamba mkutano wa robo hii utaitishwa katikati ya Krismasi na mwaka mpya, uwanja wa shule, saa nne asubuhi. Tumemwomba hivyo kwa ajili yenu. Aliye na harusi siku hiyo awahi mkutanoni kwanza, harusi zetu hazijawahi kuanza kabla ya saa nane. Mje na wazazi wenu, mkae nyuma, msikilize. Mtakaposikia zahanati inatajwa, msisimame ninyi. Mwacheni yule mama wa Noah aseme, ameomba nafasi na jina lake liko kwenye ajenda.

Fomu za ahadi mtazikuta ukurasa wa mwisho. Mkijaza, tafadhali andikeni namba za simu zinazopatikana. Mwaka jana tulipiga simu nyingi ambazo hazikupokelewa.