Siku Moyo Unapolegea: Maneno ya Katibu kwa Wasukaji wa Mikeka



Katika miaka hii 10 tumesifiwa kwa mazao ya shamba. Leo twaomba kunena juu ya mikeka. Wasukaji wetu ni wakulima vilevile. Jioni hurudi mikono imechoka na fikira zimekauka. Mwaka mmoja tuliahidi mikeka kwa mnunuzi, kisha tukangoja moyo utake. Siku ya ahadi ilifika, mikeka haikutimia, mnunuzi akaenda zake. Sisi wa afisini tulikosa pia, kwani kila mara tulidai nakshi mpya.

Tukumbuke waliyotufundisha mama zetu: mkeka hausukwi mzima. Husukwa ukili, ukakunjwa na kuwekwa, kisha ukashonwa ubavu kwa ubavu. Basi kila siku ina kazi yake. Moyo ukilegea, tuanike ukindu na kuuchana, au tusuke ukili mweupe, japo pima moja. Moyo ukichangamka, ndipo tutie rangi na kubuni maua. Ukili mweupe si kazi duni. Pasipo weupe huo nakshi haionekani.

Nasi afisini tumeazimia jambo moja: hatutapokea agizo la nakshi mpya kabla ya kuwauliza wasukaji wenyewe muda watakaouhitaji.

Bandu bandu huisha gogo. Na pima kwa pima mkeka hutimia.