Pedali Ikizama, Gari Halitoki Uani

Leo sizungumzii fomu wala shule. Nazungumzia pikapu kuukuu. Wengi wetu hapa Marekani gari la kwanza tunaloweza kulilipia ndilo hilo, na breki zake tunazibadilisha wenyewe uani kwa sababu gereji ni ghali.

Umefunga kalipa mpya na kurudisha magurudumu. Unakanyaga pedali, inazama kama godoro. Unapampu mara tatu, inapanda. Unajiambia, "Inashika, twende." Hapo ndipo ninapokuomba usimame. Siku mtoto atakapokatiza barabara mbele yako, hutapata nafasi ya kupampu mara tatu.

Kama ulibadilisha pedi tu, bila kufungua mpira wowote wa mafuta, pedali kuzama mara za kwanza ni kawaida. Pampu taratibu mpaka ipande. Baada ya hapo isizame tena. Lakini kama ulifungua mpira, hewa imeingia. Mafuta ya breki hayabanani, hewa inabanana. Nguvu ya mguu wako inaishia kwenye hewa badala ya kufika kwenye gurudumu.

Dawa yake ni kutoa upepo, na kazi hiyo ni ya watu wawili. Zima injini, zuia magurudumu yasibingirike, na gari likae juu ya stendi, si jeki peke yake. Jaza kopo la mafuta ya breki. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, mara nyingi DOT 3, kutoka chupa mpya. Usiweke oili ya injini kamwe. Inaharibu mipira yote ya ndani.

Kwa magari mengi ya zamani unaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda: nyuma kulia, nyuma kushoto, mbele kulia, mbele kushoto. Mmoja anakanyaga na kushikilia. Mwingine anafungua nipeli kidogo, mafuta yanatoka na mapovu, kisha anaifunga. Anayekanyaga asiinue mguu mpaka asikie "nimefunga". Rudia mpaka mapovu yaishe, na kila baada ya muda angalia kopo. Likikauka, hewa inaingia tena na mnaanza upya.

Bado laini? Angalia nipeli iko wapi. Mimi mwenyewe niliwahi kufunga kalipa ya kushoto upande wa kulia. Iliingia bila shida, lakini nipeli ikawa chini, na hewa siku zote hukaa juu. Nilimaliza chupa mbili za mafuta kabla ya kugundua. Nipeli lazima iwe juu.

Kama ulibadilisha masta silinda, huenda haikutolewa upepo mezani kabla ya kufungwa. Kama pedali iko chini lakini ukipampu inakuwa ngumu, na nyuma kuna breki za dramu, huenda breki shuu hazijasogezwa karibu na dramu. Na kama pedali inashika, kisha inazama polepole chini ya mguu, kuna mahali panapovuja. Tafuta unyevu kwenye magurudumu na kwenye mabomba ya chuma, maana chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji huyala. Ukikuta pakavu kila mahali, shuku masta silinda yenyewe: inavuja kwa ndani. Na kama gari lina ABS, wakati mwingine hewa hukwama humo, na inahitaji kompyuta ya fundi kuitoa.

Kabla ya kutoka, washa injini. Pedali itashuka kidogo, hiyo ni kawaida. Kanyaga kwa nguvu na uhesabu mpaka thelathini. Ikibaki palepale, jaribu mwendo mdogo hapo hapo uani, mara kadhaa. Ikizama, zima gari, weka funguo mfukoni, umwite fundi.

Najua kesho ni kazi, na bosi hapendi kuchelewa. Mpigie ndugu wa jirani usiku huu huu, mwombe akupitie asubuhi. Hiyo si aibu. Sisi tulifika hapa kwa kubebana, na siku moja utambeba wewe.