Bei ya Bondo: Biashara Huria na Ziwa Victoria

Zamani mvuvi wa Mwanza alipompasua sangara, bondo lilitupwa pamoja na matumbo. Ni kifuko cha hewa tu, kinachomsaidia samaki kuelea. Siku hizi bondo hupimwa kwa makini kuliko minofu: kilo moja ya mabondo makavu hupata bei inayoizidi ile ya minofu mara nyingi, na safari yake huishia Hong Kong na China bara, ambako hupikiwa supu ya karamu. Ndani ya samaki hakuna kilichobadilika. Kilichobadilika ni mnunuzi anayeweza kufika mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki.

Wanauchumi huliita jambo hilo uwazi wa biashara, na maswali yake ni ya kawaida katika kumbi za vyuo vikuu. Nchi ikifungua milango, tija hupanda? Uchumi hukua? Mazingira nayo huponea wapi? Mhadhara huu unayatafutia majibu mwaloni kabla ya kuyapeleka ubaoni.

Vitabuni jibu la kwanza ni la David Ricardo, aliyeandika mwaka 1817 kwamba Uingereza ikishughulika na nguo na Ureno ikashughulika na mvinyo, kisha zikabadilishana, zote mbili zitapata zaidi. Mwaka 1991 Gene Grossman na Alan Krueger, wakichunguza mkataba wa biashara uliokuwa ukijadiliwa kati ya Marekani, Kanada na Mexico, walitenganisha njia tatu ambazo biashara hupitia kuyagusa mazingira. Uzalishaji huongezeka, na uchafu pamoja nao. Shughuli za nchi hubadilika, huenda zikawa safi zaidi au chafu zaidi. Mbinu nazo huboreka, kwa kuwa mitambo mipya na wanunuzi wakali huja pamoja. Ziwa Victoria limezipitia njia zote tatu ndani ya kizazi kimoja.

Sangara si mwenyeji wa ziwa hilo. Alipandikizwa upande wa Uganda katika miaka ya 1950, kwanza kimyakimya, kisha rasmi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ni samaki anayeweza kukaribia mita mbili kwa urefu na kufikia kilo 200. Kwa takriban miaka 20 hakusikika sana. Halafu katika miaka ya 1980 akaibuka kwa kishindo, na samaki waliovuliwa ziwa zima wakaongezeka kutoka takriban tani 100,000 kwa mwaka hadi karibu tani 500,000 kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Tanzania wakati huo ilikuwa inafungua milango. Ali Hassan Mwinyi aliingia Ikulu mwaka 1985, mwaka uliofuata serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na neno "ruksa" likaingia midomoni mwa watu. Kenya ilikuwa imetangulia kuwa na viwanda vya kuchakata minofu, Uganda ikafuata, kisha Mwanza, Musoma na Bukoba. Magari ya barafu yakaanza kuzunguka mialoni. Mvuvi aliyekuwa akiuza kwa mama mchuuzi sasa aliuza kwa wakala wa kiwanda, aliyemkopesha nyavu na mashine ya mtumbwi kwa sharti la kumuuzia yeye peke yake. Minofu ikaenda Ulaya. Mifupa na vichwa, yaani mapanki, vikabaki kwa wakazi, vikakaangwa na kuliwa. Picha za mapanki ndizo zilizoitikisa dunia katika filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, na serikali ya Tanzania ikaja juu ikisema nchi imechafuliwa jina. Mabishano yale yalikuwa na joto jingi kuliko mwanga. Pande zote mbili zilikuwa zinagombania sura ya Mwanza, wakati swali la nani analinda samaki walioko majini likibaki bila mwenyewe.

Kilichotokea kati ya mwaka 1997 na 2000 kinafundisha kuliko filamu ile. Katika kipindi hicho samaki wa Ziwa Victoria walifungiwa soko la Ulaya mara tatu. Kwanza walionekana na bakteria wa salmonela. Kisha kipindupindu kikaenea Afrika Mashariki, na minofu mibichi ikazuiwa. Mwaka 1999 zikaja taarifa za watu kuvua kwa sumu ya kuulia wadudu. Mialoni bei ilianguka, viwandani vibarua wakarudishwa makwao, na sangara, kwa mara ya kwanza baada ya miaka, akawa rahisi kwa mlaji wa kawaida.

Dawa ilipatikana haraka. Sheria zikaandikwa upya, wakaguzi wakafunzwa, mialo michache ikasakafiwa na kupewa maji safi, viwanda vikaweka taratibu za kudhibiti usafi hatua kwa hatua, na maabara ya serikali ya kupima ubora wa samaki ikajengwa Nyegezi, Mwanza. Ndani ya miaka michache minofu ya Mwanza ilikuwa inakidhi masharti yaleyale yanayoibana minofu ya Ulaya yenyewe. Hapa wanaotetea biashara huria wana haki ya kujivuna. Tija ya kiwandani ilipanda kwa sababu mnunuzi wa mbali alikataa uzembe ambao mnunuzi wa karibu alikuwa ameuzoea.

Lakini mnunuzi yule alikagua kitakachoingia kinywani mwake. Kinachobaki ziwani hakikumhusu.

Mwaka 1954 mwanauchumi Mkanada H. Scott Gordon alieleza kwa nini uvuvi usio na mwenyewe huishia pabaya: kila mvuvi huona faida ya samaki anayemtoa, na hasara ya kumtoa huwaangukia wote. James Brander na Scott Taylor waliiendeleza hoja hiyo mwaka 1997, wakaonyesha kwamba nchi inayouza nje mali asili isiyo na udhibiti inaweza kufungua milango na mwishowe ikawa maskini zaidi. Ziwa Victoria karibu limeufuata mfano wao neno kwa neno. Wavuvi walikuwa takriban 130,000 mwaka 2000. Kufikia 2012 walizidi 200,000. Wingi wa sangara, kwa vipimo vya mawimbi ya sauti, ulishuka kwa zaidi ya nusu katika muongo huohuo. Watu wengi zaidi, samaki wachache zaidi: tija ya mvuvi mmoja ilikuwa inapungua wakati ile ya kiwanda ilikuwa imepanda, na viwanda navyo vikaanza kukosa samaki wa kutosha kwa mitambo yao.

Haifai, hata hivyo, kuibebesha biashara kila dhambi. Furu, vijisamaki vilivyokuwa na spishi zaidi ya 500 ziwani humo, walipoteza huenda spishi 200, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliokuwa na kambi Mwanza tangu 1977 waliliona janga hilo kwa macho. Upande wa Tanzania, viwanda vilipofunguliwa furu walikuwa wameshaliwa. Kilichowaua ni uamuzi wa kupandikiza samaki, pamoja na maji yaliyokosa hewa kwa sababu ya mbolea, udongo na majitaka. Na la kushangaza ni hili: uvuvi wa kuuza nje ulipowapunguza sangara katika miaka ya 1990, baadhi ya furu walianza kuonekana tena katika Ghuba ya Mwanza. Hasara nyingine ilikuwa nchi kavu. Furu alianikwa juani akakauka. Sangara ana mafuta, anataka moshi, na moshi unataka kuni.

Sheria za kulinda ziwa zipo. Nchi tatu za ziwa hilo zilianzisha shirika la pamoja la uvuvi, lenye makao Jinja, Uganda, na zilikubaliana kwamba kiwanda kisinunue sangara wa chini ya sentimita 50 wala wa zaidi ya 85. Mdogo aachwe akue, mkubwa aachwe azae. Kanuni ilikuwa nzuri, lakini bondo liliivuruga. Kadiri samaki anavyokuwa mkubwa ndivyo bondo linavyokuwa na thamani, kwa hiyo soko la China linamlipa mvuvi amtafute mama yuleyule ambaye kanuni ilitaka aachwe. Uganda ilipeleka wanajeshi ziwani mwaka 2017, Tanzania ikaja na Operesheni Sangara mwaka 2018, nyavu na mitumbwi vikachomwa. Doria hufika na kuondoka. Bei hushinda mwaloni.

Kwa hiyo kazi iko kwenye bei yenyewe. Maabara ya kupima minofu ilikuja upesi kwa sababu bila cheti hakuna mauzo, lakini upimaji wa ziwa ulianza kwa fedha za miradi ya Ulaya, na fedha za miradi zina tarehe ya kwisha. Wizara za uvuvi za Dodoma, Entebbe na Nairobi zinajua bondo linapita viwanja gani vya ndege. Zikubaliane tozo moja, ili mzigo usikimbilie nchi yenye nafuu, fedha hizo zilipie kuhesabu samaki kila mwaka, na bondo la samaki aliyezidi kipimo lisipewe kibali cha kupanda ndege.